Vidole Vitano vya Maren

Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi, saa tatu kasorobo asubuhi, Mwalimu Corinne Haugen aliwagawia watoto kumi na tisa wa darasa la chekechea karatasi ngumu za manjano, akawaambia waweke mkono wa kushoto juu yake na kutanua vidole. Mkono wa kulia ulishika kalamu ya nta. Watoto wawili wanaotumia mkono wa kushoto walibadilisha, na mmoja, Soren, alichora mkono wake pamoja na sweta hadi kwenye kiwiko, jambo ambalo lilikubaliwa.

Somo lilikuwa la mwili. Wiki iliyotangulia mwalimu alikuwa ametaja viungo vyote kwa majina yake ya kweli, bila kunong'ona, na watoto wakacheka siku moja kisha wakazoea. Baadaye walijifunza hisia: hasira hukaa wapi mwilini, hofu hukaa wapi. Wengi walisema hofu hukaa tumboni. Maren Tollefson, mwenye miaka mitano, alisema ya kwake hukaa magotini. Leo ilikuwa zamu ya usalama. Kwa kila kidole cha karatasi mtoto alipaswa kumtaja mtu mzima mmoja anayemwamini, naye mwalimu angemwandikia jina.

"Mwili wako ni wa nani?" aliuliza Mwalimu Haugen.

"Wangu," walijibu wote.

"Mtu akitaka kukukumbatia nawe hutaki, unasemaje?"

"Hapana."

"Mara ngapi?"

Hapo walitazamana. Soren alionyesha vidole vitatu.

"Mara moja," alisema mwalimu. "Hapana moja inatosha. Na asiposikia, nenda kwa mtu wa kidole cha kwanza ukamwambie. Naye asiposikia?"

"Cha pili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu asikie," alisema Maren.

Soren hakuwa mjinga. Osterdal, Minnesota, ni mji wa watu wapole, na upole wake una utaratibu. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, asante, sitaki kukusumbua. Ukikaribishwa tena unasema hapana, kwa kweli nimeshakunywa nyumbani. Mara ya tatu unasema haya, nusu kikombe, nawe unajaziwa kikombe kizima. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekataa mara ya tatu amemtukana mwenye nyumba pamoja na mama yake. Tumelelewa hivyo sote, na mimi nimekunywa kahawa nyingi nisiyoitaka. Matokeo yake ni kwamba hapana ya kwanza hapa kwetu haisikiki kabisa, na ya pili husikika kama adabu. Mwalimu Haugen alizaliwa mitaa miwili kutoka shuleni, kwa hiyo alijua kwamba siku ile alikuwa akifundisha lugha ya kigeni.

Maren alipanga vidole vyake kwa makini. Kidole gumba alimpa mama yake, Jolene. Cha shahada alimpa bibi yake, Arlys. Cha kati alimpa Verlyn, dereva wa basi la shule, kwa sababu ana peremende. Cha pete alimpa mkuu wa shule, Bi. Stenerud, kwa sababu ana ofisi yenye mlango. Kwa kidole cha mwisho alifikiri sana, akautazama mlango, akatazama dirisha.

"Wewe," alisema.

Mwalimu akaandika jina lake kwa herufi ndogo kwa sababu kidole kilikuwa chembamba. Alasiri mikono yote kumi na tisa ilibandikwa kwenye ukuta wa korido, kati ya bomba la maji ya kunywa na chumba cha makoti.

Mwaka ule theluji ilichelewa. Mwezi wa kumi na moja uliingia ukiwa wa kahawia na ziwa likakataa kuganda. Wanaume waliokwisha kupakia kwenye trela vibanda vyao vya kuvulia samaki juu ya barafu waliendesha hadi ukingoni, wakajaribu barafu kwa ncha ya buti, wakarudi nyumbani. Baada ya saa moja walikwenda tena. Mji mzima ulikuwa na wahka. Watu waliingia dukani wakasahau walichofuata, na mbwa walizunguka zunguka kabla ya kulala na baada ya kulala. Mwalimu Haugen, ambaye mkataba wake wa majaribio ulikuwa umeingia mwaka wa tatu na wa mwisho, alisahihisha kazi akiwa amesimama.

Kila Alhamisi saa nne Duane Ostby alikuja darasani kusoma hadithi. Duane ana duka la mbao, ana goti moja bovu na sauti nzuri sana. Sakafu ya ukumbi wa michezo ni mbao zake, alizitoa bure. Kila Desemba, kwa miaka ishirini na miwili, yeye ndiye amekuwa Baba Krismasi wa shule, na ni vigumu kumpata kijana wa Osterdal ambaye hajapigwa picha akiwa amepakatwa naye. Katika nusu ya picha hizo mtoto analia kinywa wazi. Hizo ndizo zinazotiwa fremu.

Wakati wa hadithi Duane humpakata mtoto mmoja, kwa zamu, na hadithi ikiisha humtekenya. Alhamisi ya kwanza ya Novemba zamu ilikuwa ya Maren.

"Hapana," alisema Maren.

"Njoo, mama. Njoo kwa Babu."

"Hapana, asante."

"Haya, ya tatu hiyo nakuja kukuchukua mwenyewe," alisema Duane kwa furaha, akamnyanyua.

Alisoma kitabu cha dubu. Kisha akamtekenya mbavuni mpaka kicheko kikatoka, akaendelea mpaka kicheko kikaisha na kitu kingine kikawa kinatoka, chenye sauti ileile. Mwalimu Haugen alikuwa upande wa nyuma darasani akikata karatasi. Mkasi wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Jioni, Jolene alikuwa anapanga viazi juu ya kaseroli ya nyama.

"Mama, sitaki Babu Duane anipakate."

"Anakupenda tu, mpenzi."

"Ananibana mpaka sipumui. Na nilisema hapana."

"Ulisema mara ngapi?"

"Mbili."

"Sasa si ndiyo hiyo? Alidhani unaona haya." Jolene akatia sahani ndani ya oveni na kuweka saa. "Hebu niletee maziwa."

Ijumaa asubuhi, kwenye mkono wa Maren ukutani, kidole gumba kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani na kufunika nusu ya jina la Jolene. Gordy, msafishaji wa shule, alidhani ni unyevu. Alikinyoosha akakibandika kwa selotepu. Kufikia mapumziko ya saa nne selotepu ilikuwa imekatika.

Wiki iliyofuata Maren alimwendea bibi yake, aliyekuwa anafuma.

"Duane namjua tangu akiwa kwenye nepi," alisema Arlys. "Hana ubaya hata wa kuazima. Ukimkatalia mzee kama yule utamwumiza moyo, na moyo wake wenyewe una kidude cha betri."

"Na mimi?"

"Wewe una moyo wa ng'ombe, mjukuu wangu. Nishikie uzi huu."

Kidole cha shahada kilijikunja kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili. Hakikuwa peke yake. Kwenye ukuta ule vidole vilikuwa tisini na vitano, na kufikia katikati ya mwezi, thelathini na kimoja vilikuwa vimelala. Gordy, ambaye hupita pale mara nane kwa siku na mop yake, ndiye aliyegundua kanuni, akawaeleza wazazi siku ya mkutano wa walimu na wazazi.

"Mtoto akimwambia kitu mwenye jina, na mwenye jina asisikie, kidole kinajikunja," alisema.

"Ahaa," walisema wazazi.

"Selotepu haisaidii. Nimejaribu na ile ya mabomba."

"Basi si mbaya sana," alisema mmoja, na wengine wakakubali. Kwetu hakuna sifa inayopita hiyo, na hakuna balaa ambalo haliwezi kufunikwa nayo.

Jioni ile watu walitembea polepole kwenye korido, mikono mifukoni, kila mtu akitafuta jina lake huku akijifanya anasifia rangi. Wengine walikunywa maji bombani mara tatu. Kesho yake Arlys alikuja na pasi, wanga wa kunyunyizia na kitambaa safi. Alikipiga pasi kidole chake ukutani kwa dakika kumi, kwa ustadi, kwa maana ndiye anayepiga pasi vitambaa vya madhabahu. Kilinyooka vizuri. Alipomaliza kuviringisha waya wa pasi kilikuwa kimelala tena, na sasa kilikuwa na mkunjo mzuri kama wa suruali.

Ni mtu mmoja tu aliyepata njia nyingine. Baba yake Soren, Dale, fundi wa matrekta, alilikuta jina lake limekunjwa. Alirudi nyumbani, akaketi sakafuni na nguo zake za kazi, akasema, "Nieleze tena ile habari ya mbwa." Soren alieleza kwa muda wa saa nzima. Tangu siku ile wakawa wanapita njia ya nyuma kwenda shuleni, na asubuhi iliyofuata kidole cha Dale kilikuwa kimesimama wima. Watu walikiona. Walisema ni kwa sababu siku hiyo mashine ya joto ilikuwa imewashwa. Sijui kwa nini hawakumwuliza Dale, yupo tu, karakana yake iko wazi hadi saa kumi na mbili.

Maren aliendelea na orodha yake. Alipanda basi, akasimama karibu na usukani.

"Verlyn, nikwambie kitu?"

"Kaa kwanza, mama, ndiyo uniambie."

Alikaa, akasema. Verlyn alisikiliza mpaka taa ya kijani, kisha akampa peremende mbili.

"Mimi ni wa basi tu, mama," alisema. "Kilicho nje ya basi simo."

Siku iliyofuata alikwenda peke yake kwenye ofisi yenye mlango, akabisha. Bi. Stenerud alimpa kiti. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza yote tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika kwenye daftari, akamshukuru kwa ushujaa wake na kumbandikia nyota ya dhahabu kwenye sweta. Maren alipofika kwenye bomba la maji, kidole cha nne kilikuwa kinamalizia kulala.

Sasa kilibaki kimoja. Kilisimama peke yake kwenye mkono uliofumba, chembamba, na jina la Mwalimu Haugen juu yake, na mwalimu alikiona kila alipokwenda kuchukua koti. Aliogopa. Ni afadhali kusema hivyo waziwazi, maana baadaye alisema kwamba alikuwa na kazi nyingi. Alianza kuhakikisha hayuko peke yake na Maren. Maren akisogea, yeye alikwenda kufunga kamba ya kiatu cha mtu mwingine. Kuna siku alifunga viatu kumi na vinne, na kati ya hivyo vinne vilikuwa vya kubandika, visivyo na kamba. Nyumbani alianza kuosha vyombo, akaviacha, akatoka nje kuangalia kama theluji imeanza, akarudi, akaosha vilevile.

Lakini zipu ya koti la Maren ilikuwa mbovu, na zipu mbovu inahitaji mtu mzima apige magoti. Jumatatu ya kwanza ya Desemba mwalimu alipiga magoti.

"Mwalimu, wewe ndiye wa mwisho," alisema Maren.

"Najua, mpenzi."

"Sitaki kupakatwa siku ya Baba Krismasi. Nimesema hapana. Nimemwambia Mama, nimemwambia Bibi, nimemwambia Verlyn, nimemwambia Bi. Stenerud. Ananibana hapa, nikisema acha haachi. Magoti yangu hayataki kwenda."

Mwalimu Haugen alilazimisha zipu ile ipande hadi kidevuni. Aliukumbuka mkasi.

"Nimekusikia," alisema. Alikuwa amesikia kweli.

"Kwa hiyo sitapakatwa?"

"Nitalishughulikia."

Walipita pamoja kwenye korido, na kidole cha mwisho kilisimama wima hata karatasi ikalia kidogo.

Siku ileile baada ya kengele, mwalimu aliingia ofisini kwa Bi. Stenerud. Mezani palikuwa na birika la kahawa na sahani ya keki za limau zilizokatwa miraba. Alikaribishwa kahawa mara tatu, akanywa. Kisha akasema yote, haraka, kabla kikombe hakijapoa.

"Kutekenya si kosa la kisheria, Corinne," alisema Bi. Stenerud.

"Najua."

"Ni mzee mwema. Hajawahi kumwudhi mtu."

"Amemwudhi Maren."

Bi. Stenerud alitazama mlango. Nje ya mlango ule, hatua ishirini, jina lake lilikuwa limelala kifudifudi kwenye mikono sita tofauti. Alikuwa ameacha kupita korido ile. Alizunguka kupitia jikoni, na wapishi walishaanza kumwekea sahani.

"Unadhani mimi napenda?" alisema. "Wazazi wanasoma jina langu pale kila siku. Nimechoka." Akaweka mkono juu ya simu. "Unataka nimpigie Duane? Nimwambie mwaka huu apumzike, tutamtafuta mtu mwingine, na watoto watasimama kando ya kiti tu, anayetaka?"

Hakuna aliyewahi kusema jambo hilo Osterdal kwa miaka ishirini na miwili. Lilikuwa limesemwa. Mwalimu Haugen alilisikia, moyo ukamdunda kwa furaha, na mdomo wake, uliolelewa mitaa miwili kutoka pale, ukajibu wenyewe.

"Hapana, hapana, sitaki kukusumbua."

Akangoja aulizwe mara ya pili.

Bi. Stenerud alikuwa ameshika simu. Saa ya ukutani ilisogea. Nje mtu alikuwa anawasha gari lililokataa kuwaka. Mwalimu Haugen alikaa ukingoni mwa kiti, akiwa na jibu lake la pili tayari, na la tatu, ambalo lilikuwa haya, basi, kama si usumbufu.

"Haya," alisema Bi. Stenerud, akaondoa mkono kwenye simu. Uso wake ulilegea. "Kula keki."

"Hapana, asante."

"Kula, Corinne."

"Nimeshiba, kwa kweli."

"Kipande kidogo tu."

Akala. Alipotoka, kidole cha mwisho kwenye ukuta kilikuwa kimeinama kwenye kiungo cha kwanza.

Siku tisa zilizofuata alirudi mara tatu hadi kwenye mlango ule na mara tatu akaondoka. Kuomba kitu ulichokwisha kukikataa ni jambo ambalo sisi hatuna maneno yake. Mara moja Bi. Stenerud alifungua mlango akamkuta amesimama pale na mkono hewani, wakasalimiana kuhusu hali ya hewa. Mwalimu alipanga kumwambia Jolene, akamwona Jolene dukani, wakazungumza habari za barafu. Alipanga kumwendea Duane mwenyewe, akaendesha hadi duka la mbao, akatoka na misumari nusu kilo. Alimchukia Duane, akajichukia mwenyewe zaidi, na bado kila asubuhi aliandika ubaoni HAPANA MOJA INATOSHA kwa sababu ndilo lililokuwa somo.

Ijumaa ya sherehe ya Baba Krismasi, ziwa liliganda. Liliganda lote kwa mpigo, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, na theluji ikashuka juu yake bila upepo. Wanaume waliingiza vibanda vyao juu ya barafu. Mji ukatulia. Ukumbi wa michezo ulinukia kahawa na lefse, zile chapati laini za viazi, zilizopakwa siagi na sukari, na wazazi walisimama kandokando ya mbao za Duane wakiwa na simu zao juu. Duane mwenyewe alikaa kwenye kiti kikubwa, mwekundu kuanzia kofia hadi magotini, buti moja limenyooshwa mbele kwa sababu ya goti.

Watoto walipangwa kwa herufi ya majina ya ukoo. Mwalimu Haugen alisimama mbele ya mstari kuwasaidia kupanda. Soren alisema hapana, na baba yake akatoka kwenye umati, akamshika mkono, wakaenda kula lefse. Watu waliangalia pembeni kwa heshima, kama mtu anapochafukwa na tumbo hadharani. Kisha wakaendelea. Wawili walilia, wakashangiliwa. Tollefson iko karibu na mwisho.

"Hapana," alisema Maren.

Umati ukacheka, kicheko cha upole kabisa.

"Njoo, mama," alisema Duane. "Babu hang'ati."

"Hapana, asante."

"Maren, tabasamu tu!" aliita Jolene kutoka nyuma ya simu.

Maren hakumtazama Duane, wala mama yake, wala Bibi Arlys aliyekuwa na kikombe mkononi. Verlyn alikuwa nje na basi lake. Bi. Stenerud alikuwa mlangoni, upande wa jikoni. Maren alimtazama Mwalimu Haugen.

Mwalimu alikuwa na sentensi yake. Alikuwa nayo tangu Novemba, fupi, ya maneno yasiyozidi manne. Alivuta pumzi ili aiseme. Ukumbi wote ulimngoja, kwa uvumilivu, kwa nyuso za watu aliowajua tangu azaliwe, na wote walikuwa wanatabasamu.

"Picha moja tu, mpenzi," alisema. "Mimi nitasimama hapa hapa."

Akasimama pale pale. Hilo alilitimiza.

Maren hakusema ya tatu. Alipanda mwenyewe, goti moja kisha la pili. Hakulia. Alitazama simu ya mama yake akatabasamu, na Duane alipopeleka vidole mbavuni, alianza kucheka kabla havijamgusa, ili viwahi kumaliza.

"Angalia," alisema Arlys na macho yakamlengalenga. "Amekua."

Mwalimu Haugen alikwenda kwenye korido. Alijua atakachokikuta, na alikikuta. Vidole vinne vilikuwa vimelala kiganjani na kidole gumba kimepita juu yake. Alijaribu kukifungua kidole chake kwa kucha, halafu kwa ufunguo wa gari. Karatasi ilikuwa imekuwa ngumu kama ubao. Alilia kidogo akiwa ameshika bomba la maji, kisha akarudi kwa sababu alikuwa ameahidi kusaidia kukunja viti.

Mkataba wake ulithibitishwa mwezi wa kwanza. Katika kikao hichohicho Bi. Stenerud aliwashukuru walimu wote, hasa Mwalimu Haugen kwa somo zuri la usalama ambalo wazazi wengi wamelisifu. Vidole sitini na kimoja vilikuwa vimelala, alisema, na ingawa hakuna anayelaumiwa, mikono ile haikuwa ikipendeza tena ukutani. Iliamuliwa irudishwe nyumbani. Jolene aliibandika ngumi ya Maren kwenye mlango wa friji kwa sumaku, karibu na picha, na aliwaonyesha wageni vyote viwili.

Kuhusu ukuta, Bi. Stenerud alikuwa na wazo. Vidole ni kazi kubwa kwa watoto wadogo kukata. Kwa nini wasichore zile glavu za sufu zisizo na vidole? Ndiyo majira yake, na zinakatika kwa urahisi.

"Si mbaya sana," walisema walimu.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Haugen aligawa karatasi nyeupe. Watoto walichora, mviringo mmoja mkubwa na nundu moja ya kidole gumba. Maren alimaliza wa kwanza, akaigeuza yake huku na huku.

"Mwalimu, majina yanaandikwa wapi?"

"Kwenye glavu hayaandikwi majina. Unapaka rangi tu."

Maren akaitikia kwa kichwa. Mwalimu Haugen aliinama, akamsogezea kalamu nyekundu, ile mpya, ambayo watoto wote waliigombea.

"Unataka hii?"

"Hapana, asante," alisema Maren. "Sitaki kukusumbua."

"Ni yako ukiitaka."

"Hapana, kwa kweli. Ninayo ya kijani."

"Chukua tu, mpenzi."

"Haya," alisema Maren, akaichukua, akapaka glavu yake vizuri, bila kutoka nje ya mstari, mpaka saa nne ilipofika na Babu Duane akabisha hodi.